Safari ya kundi kwenda Livingstone, Chobe na Okavango: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikifika Januari simu huanza kulia, na maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake, kama ninavyowajibu watu ana kwa ana. Safari tunayoizungumzia ni ya siku 10. Tunakutana Livingstone, Zambia, tunavuka Mto Zambezi kuingia Kasane, Botswana, kwa ajili ya Hifadhi ya Chobe, tunateremka kwa barabara hadi Maun, na kutoka hapo tunaingia Delta ya Okavango. Kundi halizidi watu 12, magari mawili. Mwenye nafasi zaidi hutangulia siku tatu mapema akaanzia Hifadhi ya Hwange, Zimbabwe.

Kwetu kuna Serengeti, Ngorongoro na Ruaha. Kwa nini nitoe hela yangu kwenda kuangalia tembo Botswana?

Swali la haki kabisa, na wanaoliuliza zaidi ni Watanzania wenzangu. Kama hujawahi kufika Serengeti, anza na Serengeti. Nimeshawarudisha watu wawili watatu kwa jibu hilo, na sijutii.

Ila ukishaijua savana ya kwetu, kule utakuta kitu kingine: utaona wanyama kutoka majini. Serengeti tunawafuata nyumbu kwa gari, vumbi likiwa nyuma yetu. Chobe unakaa kwenye boti, injini imezimwa, tembo wanateremka mtoni mbele yako familia baada ya familia, kuanzia saa tisa alasiri hadi jua linapozama. Kaskazini mwa Botswana ndiko kwenye tembo wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Hesabu ya kutoka angani iliyofanywa mwaka 2022 katika eneo la pamoja la nchi tano (Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe) ilipata tembo wapatao 227,900, na zaidi ya nusu yao, kama 130,000 hivi, walikuwa Botswana.

Halafu kuna wanyama ambao kwetu unawatafuta kwa tochi. Mbwa mwitu wana makundi ya uhakika kule Khwai na Moremi, maeneo ya wanyama ya Okavango. Palahala, wale weusi wenye pembe zilizopinda kama jambia, wapo Chobe na Hwange. Na watu wa Kilombero watafurahi: sheshe wao wapo pia kwenye ukingo wa Mto Chobe, mahali pekee Botswana nzima wanapoonekana.

Niende mwezi gani?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, kwa sababu ukikosea mwezi, hata mwongozaji hodari atakusaidia kidogo tu. Kanuni ni moja: uliza maji yako wapi, ndipo ujue wanyama wako wapi.

Sasa angalia maajabu ya Okavango. Mvua inayoijaza delta hainyeshi Botswana. Inanyesha kwenye nyanda za juu za Angola, kuanzia Novemba hivi hadi Machi. Maji yanashuka na Mto Okavango, yanaingia Botswana, halafu yanakutana na ardhi tambarare kama sakafu na kuanza kutambaa. Yanapita kwenye matete, yanazunguka visiwa, yanazama mchangani, yanasonga tena. Yanapofika Maun ni Juni au Julai, katikati ya kiangazi, nchi yote imekauka na majani yamekuwa rangi ya mkate. Yaani delta inajaa wakati ambapo hakuna hata wingu. Baharini hayafiki kamwe. Yanaishia humo humo mchangani na hewani. Maun nimeona watu wazima wameegesha magari kando ya Mto Thamalakane, wametoka kwenda kuyapokea maji. Ncha ya maji inakuja taratibu kama uji uliomwagika mezani, imebeba majani makavu na povu, wadudu wanakimbia mbele yake, ndege wanakimbilia wadudu, na watoto wanatembea mguu pekupeku sambamba nayo.

Kwa hiyo kati ya Julai na Septemba unapata mambo mawili kwa pamoja: delta imejaa, na huko nje madimbwi yamekauka, kwa hiyo wanyama wote wamebanana kwenye mito.

Maporomoko ya Victoria yana kalenda yake. Yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108 hivi, na hujaa zaidi kuanzia Machi hadi Mei. Aprili unalowa mpaka soksi na mvuke unaziba kila kitu, unasikia ngurumo tu. Oktoba na Novemba upande wa Zambia sehemu kubwa hubaki mwamba mtupu, na aliyekuja kwa ajili ya maporomoko hurudi na huzuni.

Oktoba ina wanyama wengi kuliko miezi yote, lakini joto linapita nyuzi 40, na nimeona watu wenye afya njema wakishindwa kula. Novemba hadi Machi bei hushuka, ndege wanaohama wamefika, swala wanazaa, ila barabara huwa tope na majani marefu huficha kila kitu kifupi kuliko twiga. Ukiniuliza mimi, nachagua nusu ya pili ya Agosti.

Baridi ya kule ni ya kweli au mnatutisha?

Ni ya kweli. Aliyezoea kipupwe cha Dar au Mombasa asijipime nacho. Juni na Julai alfajiri unaweza kukaribia nyuzi sifuri, na gari liko wazi, linatembea. Chukua koti zito, kofia ya sufu, glavu na skafu. Saa nne asubuhi utakuwa umevua vyote umebaki na fulana. Mavazi ya tabaka tabaka ndiyo dawa, kama kitunguu.

Nahitaji viza? Na chanjo?

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya haombi viza ya utalii kwa Zambia, Zimbabwe wala Botswana. Anapigiwa muhuri mpakani. Pasipoti iwe na miezi sita mbele na kurasa tupu za kutosha, maana mihuri ya safari hii ni mingi. Ndugu zetu wenye pasipoti za Ulaya au Marekani wanaotaka kuona maporomoko pande zote mbili waulizie viza ya pamoja ya Zambia na Zimbabwe iitwayo KAZA: dola 50, siku 30, na inaruhusu kwenda Chobe na kurudi siku hiyo hiyo. Wenye pasipoti za Kongo na Burundi, tafadhali pitieni ubalozini kabla ya kulipia tiketi.

Kadi ya homa ya manjano tunamtaka kila mtu awe nayo. Kenya, Uganda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na Mtanzania anayeunganisha ndege Nairobi anaweza kuulizwa. Chanjo inakubalika siku 10 baada ya sindano, na siku hizi kadi ni ya maisha.

Malaria ipo njia nzima. Usiniambie umezaliwa Tanga na umeizoea. Kinga ya utotoni hupungua ukikaa mbali na ugonjwa, hasa ninyi mlioishi Ulaya au Uarabuni miaka mingi. Muone daktari akuandikie dawa ya kinga, na ukirudi ukapata homa, mwambie ulikotoka.

Tunafikaje, na tunavukaje mipaka?

Wengi huruka hadi Livingstone, kwenye uwanja wa Harry Mwanga Nkumbula, kwa kuunganisha Nairobi, Lusaka au Johannesburg. Kurudi tunaondokea Maun, karibu kila mara kupitia Johannesburg. Wapo waliokuja kwa basi kutoka Dar kupitia Tunduma. Wanafika, ila wanafika wamechoka, na safari yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Kutoka Livingstone hadi Kazungula, mpaka wa Zambia na Botswana, ni mwendo wa saa moja hivi. Hapo zamani tulipanga foleni ya pantoni, malori yakisubiri siku nzima na zaidi. Tangu Mei 2021 kuna daraja, mita 923, na utagundua limepinda: walilikunja makusudi lisikanyage ardhi ya Zimbabwe, kwa sababu nchi nne zinakaribiana mahali hapo pembamba. Shughuli za mpakani za nchi zote mbili zinamalizwa kwenye kituo kimoja.

Kwa nini mnatunyang'anya biltong (nyama iliyokaushwa) na nyama choma kabla hatujafika mpakani?

Kwa sababu mpakani zitanyang'anywa hata hivyo, na kundi zima litasubiri. Botswana inaishi kwa kuuza nyama ya ng'ombe nje, na inaogopa sana ugonjwa wa miguu na midomo, ambao nyati huubeba bila kuugua. Ndiyo maana nchi imekatwa na uzio wa mifugo. Kwenye vizuizi mnashuka, mnakanyaga zulia lililoloweshwa dawa, gari linapita kwenye dimbwi la dawa, na afisa anaweza kuomba muonyeshe hata viatu vya akiba vilivyo kwenye begi. Vitoeni kwa heshima. Kwa mfugaji wa kule, ng'ombe ndiye benki na ada ya shule.

Saa ya kule ikoje?

Rudisha saa nyuma kwa saa moja. Na jambo jingine dogo lililotugharimu asubuhi moja nzima: waongozaji wanataja saa kwa Kiingereza. Mwaka fulani mwongozaji alisema tunaondoka «six», kijana wetu mmoja akawaandikia wenzake kwenye simu, "Kesho saa sita." Alfajiri saa kumi na mbili gari liko tayari, watu wanne bado wamelala. Tulipofika kwenye kivuko cha mbwa mwitu tulikuta nyayo mbichi kwenye mchanga, na mzoga wa swala ambao hata tai walikuwa wanaumalizia. Tangu hapo naandika saa kwa Kiswahili kwenye ubao wa kambi, na nikiandika saa kumi na mbili naongeza neno "alfajiri".

Mbona ni ghali hivyo?

Gharama kubwa ziko sehemu tatu. Kwanza ada za hifadhi, ambazo mgeni analipa zaidi ya mwenyeji. Pili Okavango yenyewe: Botswana iliamua miaka mingi iliyopita kupokea wageni wachache wanaolipa vizuri, kwa hiyo kambi za ndani kabisa ni ndogo na kila kitu, hadi yai, kinaletwa kwa ndege ndogo au boti. Tatu magari na mafuta, kwani Kasane hadi Maun kupitia Nata ni kilomita 600 hivi.

Kundi ndilo linaloiweka bei mahali panaposhikika. Gari moja, mwongozaji mmoja na mpishi mmoja vikigawanywa kwa watu sita ni hesabu tofauti kabisa na ya watu wawili. Tunalala kwenye mahema ya kambi za kawaida usiku mwingi, halafu tunajipa usiku mbili za kambi nzuri ndani ya delta. Makundi yetu mengi hulipa kidogo kidogo kwa mwaka mzima; kina mama wa Tanga walifanya upatu, na wa Nairobi walitumia chama chao. Njia zote mbili zimefanya kazi.

Fedha za mkononi: Zambia ni kwacha, Botswana ni pula, na Zimbabwe beba noti ndogo za dola zilizo safi. Pula maana yake ni mvua. Nchi iliyoita fedha yake mvua inakueleza yenyewe inathamini nini.

Nitakaa na nani kwenye gari, na nitapata dirisha?

Kila mtu anapata dirisha. Hatujazi viti vya kati hata kama vipo. Viti vinazunguka: aliyekaa nyuma leo, kesho yuko mbele. Ugomvi ninaouona kwenye makundi hauletwi na viti, unaletwa na haja tofauti. Mmoja anataka ndege, mwingine anataka simba tu, wa tatu anataka kurudi kambini akalale. Ndiyo maana jioni ya kwanza Livingstone tunakaa duara, kila mtu anataja mnyama mmoja anayemtaka kwa moyo wote, mwongozaji anaandika. Mwaka jana mzee mmoja alitaja kakakuona. Hatukumpata, lakini kundi zima lilikuwa linachungulia vichuguu kwa niaba yake hadi siku ya mwisho.

Ndani ya gari ongeeni kwa sauti ya chini, msisimame bila kuambiwa, na simu ziwe kimya kabisa. Simba amezoea umbo la gari; mtu anapochomoza juu ya umbo hilo ndipo anapoanza kumtazama.

Aliyekuja peke yake tunampa mwenzake wa jinsia moja wa kugawana naye hema. Anayetaka hema la peke yake aseme mapema.

Mtumbwi ni salama? Nimesikia viboko wanapindua.

Viboko wanaweza kupindua mtumbwi, na sitakuficha. Ndiyo maana hatuendi popote bila mpiga pondo (anayesukuma mtumbwi kwa mti mrefu) wa kule kule, aliyezaliwa na maji hayo na kupewa leseni. Wanauita mtumbwi huo mokoro. Zamani ulichongwa kutoka gogo la mwegea au mti mwingine mkubwa. Siku hizi mingi ni ya faibaglasi ili miti ibaki. Mpiga pondo anasimama nyuma, ninyi wawili mmekaa chini, mgongo umeegemea, na uso wa maji uko sawa na kiwiko chako.

Kiboko mchana hukaa kwenye maji ya kina. Mpiga pondo anakaa kwenye maji ya magoti, kwenye njia nyembamba kati ya matete, na akikaribia mkondo mpana hugonga ubavu wa mtumbwi kwa pondo, akanyamaza, akasikiliza. Akisikia pumzi anarudi nyuma bila majadiliano. Nimewahi kurudishwa mara tatu asubuhi moja na sikuuliza kwa nini. Tunachokuomba ni hiki: usitie mkono majini, usiyumbe, na akisema kaa, kaa.

Ukitulia, delta inakuja karibu yenyewe. Yungiyungi linapita shavuni. Kwenye unyasi mmoja kuna chura mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ana mistari kama pipi, ameukumbatia kwa miguu yote minne na anakutazama. Maji ni masafi hadi unaona kivuli cha mtumbwi wenu kikitembea juu ya mchanga chini. Visiwa unavyovipita vingi vilianza kama vichuguu: mchwa walijenga, ndege wakatua wakaacha mbegu, miti ikaota. Mwongozaji akikueleza hilo umesimama chini ya mti wa miaka mingi, utakitazama kichuguu kwa macho mengine.

Kambi haina uzio? Nikibanwa usiku?

Haina. Tembo wanapita, fisi wanapita, kiboko anatoka majini kuja kula majani. Hema lililofungwa zipu wanaliona kama jiwe. Kosa ni kutoka. Kila hema lina ndoo yenye mfuniko, na mwenye aibu nayo aizoee usiku wa kwanza. Ukiwa na dharura kubwa, puliza filimbi uliyopewa, usitembee. Chakula hakiingii hemani, hata pipi, na machungwa hatuyabebi kabisa kwa sababu tembo huyanusa kwa mbali na atavunja gari kuyafuata.

Mchana njiani, mwambieni tu mwongozaji mnataka kuchimba dawa. Atachagua mahali peupe, ataangalia kwanza nyuma ya gari, halafu atawaita. Wanawake upande mmoja, wanaume mwingine.

Chakula kikoje? Tuna Waislamu kwenye kundi.

Ugali utaukuta kila mahali kwa jina jingine: Zambia ni nshima, Zimbabwe ni sadza, Botswana ni phaletšhe. Jaribuni seswaa, nyama ya ng'ombe iliyochemshwa kwa chumvi kwa saa nyingi kisha ikatwangwa hadi ikawa nyuzi nyuzi. Samaki wa Zambezi ni ndugu wa perege wetu.

Nyama ya halali tunaiagiza mapema kabla ya kuondoka mjini. Tukiwa ndani ambako haipatikani, mpishi hupika samaki, mayai, maharage na mboga kwenye sufuria zake za peke yake. Ukifika wakati wa kuswali, magari yanasimama. Kibla kutoka kule ni kaskazini, ukielekea kidogo mashariki.

Watoto na wazee wanaweza?

Kambi nyingi hazipokei watoto chini ya miaka 12 kwenye mtumbwi na kwenye matembezi ya miguu, na mimi naziunga mkono. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwingine. Wazee ndio wageni wangu bora: hawana haraka, wanaona mengi. Swali ni magoti tu, kwani kupanda gari ni ngazi tatu za juu na mtumbwi unauingia kwa kuchuchumaa. Bibi mmoja wa miaka 74 alikuja na kigoda chake kutoka Moshi, tukakitumia sote.

Nisivae bluu?

Mbung'o wanapenda bluu nzito na nyeusi, hilo ni kweli, na kwenye mbuga za Zambia kama Luangwa Kusini na Kafue utawajua. Okavango walipulizwa dawa kwa ndege mwaka 2001 na 2002, wakaisha. Kwenye njia yetu vaa kaki, kijivu au kijani kilichopauka kwa sababu ya vumbi tu. Mavazi ya mabaka ya kijeshi acha nyumbani. Mpakani yanaleta maswali.

Begi, simu na umeme?

Ndege ndogo za Maun zinaruhusu kilo 20 pamoja na begi la mkononi, na begi liwe laini lisilo na magurudumu. Livingstone soketi ni kama zetu. Botswana utahitaji kibadilishi cha pini tatu nene za mviringo. Ndani ya delta hakuna mtandao. Waage watu wako Maun. Ukiwa na hela ya kununua kitu kimoja, nunua darubini kabla ya kamera.

Tutaelewana na wenyeji?

Waongozaji wote wanaongea Kiingereza. Lakini sikilizeni kwa makini, mtastaajabu. Livingstone Mzambia anayeongea Kinyanja akisema njovu na njati, hamhitaji mkalimani. Botswana maji ni metsi, nyama ni nama, nyoka ni noga, mtu ni motho na watu ni batho. Hata jina la maporomoko, Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma: hiyo mosi ni moshi wetu huu huu. Salamu Botswana ni "Dumela rra" kwa mwanaume na "Dumela mma" kwa mwanamke, na kama kwetu, anayeanza na shida kabla ya salamu anaonekana hakulelewa.

Nimesikia kuna uhamaji wa punda milia kule. Tutauona?

Kwa Julai au Agosti mtawaona punda milia wakiwa bado kwenye ukingo wa Chobe. Mvua zikianza huondoka kwenda kusini hadi Nxai Pan, eneo tambarare la chumvi, na kurudi baadaye, karibu kilomita 500 kwa mzunguko mzima. Watafiti waliwafunga vifaa vya satelaiti na kutangaza njia hiyo mwaka 2014. Kabla ya hapo hakuna aliyejua wanafika mbali hivyo.

Kuna hadithi nyingine inayonigusa zaidi. Mwaka 1968 uzio wa mifugo ulikata njia ya punda milia kati ya Okavango na nyanda za chumvi za Makgadikgadi. Uliondolewa 2004, na miaka michache baadaye wakaonekana wanapita pale pale tena. Ni miaka 36, na punda milia wa porini kwa kawaida haishi hata nusu yake. Walioirudia njia ile hawakuwahi kuonyeshwa na mama zao. Kila tunapovuka eneo lile huwa naomba gari lisimame dakika chache.

Tembo si wanakufa na kuwindwa kule?

Ndiyo, na ni vyema mjue kabla ya kwenda. Botswana ilisimamisha uwindaji wa kitalii mwaka 2014 na kuurudisha 2019. Unafanyika kwenye vitalu vyake, nje ya hifadhi za taifa, na kundi letu haliingii huko. Mwaka 2020 tembo zaidi ya 300 walikufa kaskazini mwa delta, na serikali ikasema chanzo ni sumu ya bakteria kwenye madimbwi. Hwange haina mto wa kudumu. Maji yanapampiwa kutoka visima virefu, na usiku kando ya dimbwi unasikia injini inanguruma na tembo wanasukumana kwenye mdomo wa bomba, mahali maji yanapotoka yakiwa safi. Ukame wa 2019 uliua zaidi ya 200 humo. Ukikaa pale saa moja utaelewa kwa nini wakulima wa jirani na wahifadhi wanabishana, na kwamba wote wana sababu.

Bakshishi?

Tunaikusanya kwenye bahasha moja ya kundi, tunaikabidhi mbele ya wote. Dola 5 hadi 10 kwa mtu kwa siku kwa mwongozaji ni heshima. Msiwasahau mpishi na mpiga pondo, na wa pondo apewe siku hiyo hiyo, kwani hamtamwona tena.

Malipo na bima zikoje?

Theluthi moja ya gharama unapojiandikisha, iliyobaki siku 60 kabla. Dai risiti kwa kila unayemlipa, hata kwetu. Mwaka mmoja kampuni moja ya usafiri ilichukua malipo yetu yote na gari halikuja. Tulipata jingine, lakini kwa hela ya mfukoni. Bima ni lazima, na iandikwe wazi kwamba inalipia ndege ya wagonjwa. Kutoka ndani ya delta hakuna njia nyingine ya haraka.

Tukikosa simba, mnarudisha hela?

Hapana. Na tumewahi kuwakosa: kundi moja la Septemba, siku 10, hakuna simba hata mmoja. Siku ya nne jioni tulikuwa kwenye boti karibu na Kisiwa cha Sedudu, familia ya tembo 19 ikaamua kuvuka. Mama mkubwa alitangulia. Katikati ya mkondo kina kikazidi, migongo ikazama, ikabaki mikonga tu juu ya maji, mingine mirefu, mingine mifupi. Mtoto mdogo alikuwa amebanwa kati ya mama na shangazi, mkonga wake ukipotea na kuibuka, ukipotea na kuibuka, na sisi watu 12 tulikuwa tumeshika pumzi naye. Walipotoka ng'ambo walikuwa weusi kwa maji. Mtoto alianguka kwenye tope, akasukumwa na mkonga, akasimama. Dereva wa boti hakuwasha injini mpaka wa mwisho alipoingia kwenye majani.